Kisomaji cha RFID cha mezani kwenye duka la nguo Lamu: uzoefu wangu

Hukumu kwanza: kisomaji hiki, kifaa kinachosoma kwa mawimbi ya redio tagi zilizobandikwa kwenye bidhaa, kinasoma vizuri mno, na hapo ndipo taabu yake inapoanzia. Maduka ya nguo ya Langoni na yale yaliyopangana kwenye Usita wa Mui ni membamba. Kaunta imebanana na rafu za vikoi, kanga zinaning'inia juu ya kichwa cha keshia, na chini ya meza kuna droo za kofia. Kiwashe kikiwa na mipangilio ya kiwandani, weka kikoi kimoja mezani, na skrini itakuonyesha kikoi hicho pamoja na nusu ya duka. Anayekinunua ili aharakishe malipo ajue kwamba kazi kubwa itakuwa kukizuia kisome kidogo.

Ninachokizungumzia ni kile cha UHF (masafa ya juu, karibu 900 MHz), bapa, kinachofungwa kwa kebo moja ya USB inayopitisha umeme na data, na kinachofuata kiwango cha tagi kiitwacho EPC Gen2, yaani ISO 18000-63. Nguvu yake inafika 26 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), takriban wati 0.4. Jina la kwenye boksi silitaji kwa sababu moduli ileile huuzwa kwa majina chungu nzima. Tazama vipimo, si nembo. Usikichanganye na vile vya 13.56 MHz vya kadi za milango na vitabu vya maktaba. Hivyo haviwezi kusoma tagi ya nguo ya UHF hata ukiibandika juu yake.

Kabla ya kubandika tagi hata moja, angalia masafa. Vingi vinavyoagizwa kutoka China huja vimewekwa masafa ya Marekani, 902 hadi 928 MHz. Huku kwetu sehemu kubwa ya hayo imo ndani ya GSM 900, masafa ya simu za mkononi: simu huzungumza na mnara kwa 880 hadi 915 MHz, na mnara hujibu kwa 925 hadi 960. Fungua programu ya mipangilio uchague masafa ya Ulaya, ambayo chaneli zake ni 865.7, 866.3, 866.9 na 867.5 MHz. Muulize muuzaji pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Tagi hazina shida, kwani nyingi zimeundwa kujibu kuanzia 860 hadi 960 MHz.

Sasa nguvu. Anza na 12 dBm. Ukishusha 3, nguvu inapungua kwa nusu, kwa hiyo usidharau tarakimu ndogo. Utaratibu ninaoukubali ni huu: weka mezani mzigo mgumu kuliko yote, tuseme doti kumi za kanga zilizokunjwa pamoja, kisha panda dBm moja moja mpaka zote zisomwe ndani ya sekunde moja. Simama hapo. Ondoa kila kitu mezani uone ni nini kinachoendelea kusomwa. Kikiwa ni cha kwenye droo, dawa ni bati: mbao haizuii mawimbi haya, hata ikiwa mvule mnene, lakini kipande cha alumini kilicholazwa chini ya kifaa, kikizidi ukubwa wake kwa sentimita 10 kila upande, kinayazima. Foili ya jikoni iliyogandishwa ndani ya droo pia hufanya kazi, ingawa haipendezi.

Kwa zile za ukutani na za juu, bati halikufai. Hapo tumia RSSI, kipimo cha ukali wa jibu la tagi. Andika ile dhaifu kuliko zote kwa bidhaa zilizo mezani, na ile kali kuliko zote kwa bidhaa za rafuni. Kama ya kwanza ni -52 na ya pili ni -63, weka mpaka kwenye -57. Zikiingiliana, usipoteze muda kutafuta mpaka. Shusha nguvu au hamisha rafu. Kaunta ya kioo chenye fremu ya chuma huleta ukaidi wa aina yake: mawimbi hugonga fremu na kurudi, na mahali fulani juu ya meza hapasomeki kabisa. Urefu wa wimbi ni karibu sentimita 35, kwa hiyo kusogeza kifaa sentimita 8 au 9 mara nyingi huondoa doa hilo.

Kwa sesheni, yaani kanuni ya muda ambao tagi hunyamaza baada ya kujibu, chagua S0, na Q iwe 4. Hiyo Q inatoa nafasi 16 za kujibu kwa kila mzunguko, zinazotosha manunuzi ya mteja mmoja. S2 iachie kazi ya kuhesabu stoo, maana tagi ikishajibu hunyamaza maadamu inapata nguvu, na hata ikiondolewa huendelea kunyamaza zaidi ya sekunde 2. Keshia akitoa khanzu na kuirudisha papo hapo, programu haioni kitu.

Upande wa bidhaa ndiko wengi wanakoponzeka. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili visivyokatwa, basi tagi ni moja kwa doti. Zikiwa mbili, mteja atalipishwa doti mbili. Tagi zikilaliana sawasawa hunyang'anyana nguvu na ya katikati hupotea. Zipishanishe: doti hii tagi kona ya kushoto, inayofuata katikati, ya tatu kulia, sentimita 4 au 5 kati yake. Mapambo ya fedha yatundikiwe tagi kwa uzi ili antena isiguse madini. Kopo la udi ni vivyo hivyo, na boksi la manukato lenye karatasi ya kung'aa ndani pia lina chuma ingawa halionekani hivyo. Chuma hurudisha mawimbi, maji huyameza: chupa ya marashi ya waridi inasumbua, ya mafuta ya nazi haisumbui sana. Tagi ya chupa ikae shingoni, juu ya usawa wa kilichomo. Tagi ya karatasi ukiagiza kwa maelfu haifiki shilingi 20, lakini ile maalumu ya kubandika juu ya chuma ni ghali mara kadhaa. Sioni sababu ya kuitumia kwa bangili.

Kuandika namba kwenye tagi kunahitaji utulivu. EPC, namba ya utambulisho inayobebwa na tagi, ikiwa ya biti 96 ni maneno 6 ya biti 16, na huanzia neno la 2, kwa kuwa neno la 0 ni CRC (namba ya ukaguzi) na la 1 ni PC (linaloeleza urefu wa EPC), ambayo kwa urefu huo kwa kawaida husomeka 3000. Tagi iwe peke yake juu ya kifaa, au ichaguliwe kwa TID, ile namba ya kiwandani inayoanza na E2; la sivyo utaiandika ya jirani. Kuandika kunataka nguvu zaidi ya kusoma, basi pandisha dBm kwa kazi hiyo kisha urudishe. Namba zako za ndani zisianze na 30, kichwa kinachotumiwa na SGTIN-96, mpangilio wa namba za bidhaa wa shirika la kimataifa la GS1. Nenosiri la kiwandani ni sufuri nane. Weka lako, ufunge EPC, maana mwenye kifaa kama hiki anaweza kuigeuza khanzu ya bei kuwa kofia ya bei rahisi.

Kuunganisha na programu ya mauzo kuna njia mbili. Ya kwanza, kifaa hujifanya kibodi: kinachapa herufi 24 za EPC na kubonyeza Enter. Ni rahisi, na kwa kaunta yenye watu siipendi hata kidogo. Kinachapa popote kishale kilipo. Keshia akiwa kwenye kisanduku cha namba ya simu ya M-Pesa huku mteja akiongeza kofia mezani, namba ya simu inageuka EPC. Njia hii pia haikupi RSSI, kwa hiyo mpaka wote tuliouweka unakuwa bure.

Njia ya pili ni bandari ya mfululizo (serial) ya USB, kasi ya biti 115200 au 57600 kwa sekunde kulingana na moduli. Hii ndiyo ya kutumia. SDK (zana za waandishi wa programu) inayokuja nayo mara nyingi ni DLL (faili la msimbo la Windows) ya biti 32. Programu yako ikiwa ya biti 64 haitaipakia, na ujumbe wa kosa hausemi hivyo waziwazi. Kama una fundi anayejua lugha ya programu ya Python, aachane na DLL aandike moja kwa moja kwenye bandari kwa kufuata kitabu cha amri. Fremu, yaani kifurushi cha kila amri, ni fupi, na penye kuteleza ni hesabu ya ukaguzi mwishoni, kwa kuwa moduli nyingine hutumia CRC-16 na nyingine jumla ya kawaida. Kwenye Windows namba ya COM, yaani ya bandari hiyo, hubadilika ukihamisha tundu la USB, kwa hiyo programu itafute kifaa kwa kitambulisho chake, si kwa "COM3". Kwenye Ubuntu 22.04, chipu ya CH340, inayotumika kwenye vifaa vingi vya aina hii kugeuza USB kuwa bandari hiyo, hunyakuliwa na brltty, huduma ya skrini za Braille, na bandari inatoweka mara tu inapojitokeza. Iondoe brltty kama haina mtumiaji, na mwingize keshia kwenye kikundi cha dialout, chenye ruhusa ya kutumia bandari hizo.

Kati ya kisomaji na programu ya mauzo weka programu ndogo ya kuchuja. Ikubali tagi iliyosomwa angalau mara 3 ndani ya sekunde moja, iliyovuka mpaka wa RSSI, iliyomo kwenye jedwali la duka, orodha ya tagi za bidhaa zako, na ambayo haijauzwa. Sharti la jedwali ni la lazima. Mtalii aliyebeba begi jipya la Decathlon huenda anaingia na tagi ya kampuni hiyo bado imo, nayo itajibu kwa adabu zote. Programu ikijaribu kuitafutia bei, foleni inasimama. Jedwali likae kwenye kompyuta ya dukani, lisitegemee seva ya mbali, kwa sababu intaneti ikikatika hutaki kaunta ikatike nayo.

Halafu kuna eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kila tagi ina namba yake, lakini ankara hutaka bidhaa na idadi. Vikoi vitano vya aina moja vikusanywe viwe mstari mmoja wenye idadi 5, kodi ikokotolewe hapo, kisha tagi zote tano ziwekwe alama ya kuuzwa baada tu ya malipo kuthibitishwa. Ukiweka alama mapema na M-Pesa ikakataa, vikoi vinarudi rafuni vikiwa haviuziki.

Umeme wa USB uangalie. Tundu la USB 2.0 limeahidi mA 500 tu, na ukipandisha dBm kwa kebo ndefu ya bei rahisi kifaa hujizima na kuwaka upya. Dalili ni mlio wa kuwaka unaosikika katikati ya kazi. Tumia kebo fupi au habu yenye umeme wake, na uzime ile tabia ya Windows ya kulaza USB. Chumvi ya hewani nayo hushika meno ya plagi yakawa kijani, hasa msimu wa kusi. Funika matundu yasiyotumika na usafishe plagi kwa kisafishaji cha umeme. WD-40 ya kawaida usipulize.

Mambo yakikaa sawa, nguo kumi zinasomwa kabla keshia hajaigeuza ya pili kutafuta bakodi. Duka la vyakula silipendekezi: makopo, maji na maziwa ni maadui watupu, na faida ya pakiti ya chumvi haibebi gharama ya tagi. Kwa kuhesabu mali ya rafuni kifaa hiki hakifai pia, kwani waya hauruhusu. Hapo tafuta cha mkononi, ila uhakikishe kinasoma masafa yaleyale na kwamba programu yake inaweza kutoa orodha ya EPC kwa CSV, faili la jedwali la maandishi matupu.