TAHADHARI: Nimeuziwa tofali kwa dola 700. Mnaotafuta mashine za vakyumu za ukutani (za kufyonza vumbi) hapa Iowa, someni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naandika hasira ikiwa bado kooni, kwa hiyo herufi kubwa zikinitoka mtanisamehe. Na aibu ninayo pia, siifichi, kwa sababu mimi ndiye ninayewapigia kelele kila siku msinunue kitu mpaka mmekifungua mkakiona tumbo lake. Sasa nimepigwa mimi. Nimepigwa mchana kweupe, nimekaa kwenye kochi la tapeli, mkononi nina mandazi yake.

Jina lake silitaji. Suala liko polisi na binti yangu kanikataza, anasema baba ukiliandika utajiharibia mwenyewe. Haya. Lakini NI MTU WETU, anazungumza Kiswahili safi kuliko chako na changu, na anaishi mwendo wa kama saa moja kutoka hapa Des Moines.

Habari za gereji yangu sirudii, mnaoijua mnaijua, na mnaonicheka endeleeni. Kwa wageni tu: baadhi ya nyumba za huku zina vakyumu iliyojengewa humo humo. Mashine yenyewe, pipa la chuma lenye mota juu na ndoo ya vumbi chini, inatundikwa gerejini au besmenti. Mabomba ya plastiki ya inchi mbili yanapita ndani ya kuta, na kila ghorofa ina vitundu vyenye vifuniko. Unachomeka mpira (bomba linalopindika) wa futi 30, mashine inawaka huko huko iliko, vumbi linakwenda zake. Pumzi ya mashine inatolewa nje ya nyumba, hairudi sebuleni. Mama watoto ana pumu, na tangu tufunge hii kitu analala usiku. Ndiyo ilivyoanza. Baadaye nikawa naziokota za zamani watu wakibomoa nyumba, nikawa nazitengeneza, na sasa ninazo tano. Kipenzi changu ni Beam kuukuu, kampuni iliyoanzia hapo Webster City, kaskazini yetu. Ni ya zamani kuliko watoto wangu na nimeibadilisha kaboni, vile vipande vinavyosugua kupeleka umeme ndani ya mota, mara mbili tu.

Nilichokuwa sina ni ile kubwa ya mota mbili, ya volti 240. Nimeitafuta miaka mitatu. Ile ile niliyokuwa nawasimulia kwenye arusi ya Iowa City mpaka mkanikimbia mezani.

Basi tangazo likatokea Alhamisi usiku. "Mashine ya nyumba nzima, mota mbili, volti 240, inchi 140 za maji, imetolewa nyumba iliyovunjwa, dola 850." Picha nne. Sasa ninyi mnaojua, mtu anayeandika inchi za maji siyo mtu wa kawaida. Wauzaji wengi wanaandika nguvu za farasi, namba kubwa kubwa zisizo na maana yoyote. Huyu kaandika kipimo chenyewe, yaani mashine ikizibwa mdomo inaweza kuinua maji kwenye bomba inchi ngapi. Nikasema huyu anajua. Nikamwandikia kwa Kiingereza. Akaona jina langu, akajibu: "Shikamoo mzee wangu." Tumekwisha.

Akapiga simu hapo hapo. Ananiuliza kwetu wapi, namwambia Tanga. Akashusha pumzi kama mtu aliyekutana na kaka yake bandarini. Bibi yake mzaa mama ni wa Pangani, anasema. Akanitajia kivuko, akanitajia minazi ya upande wa pili wa mto, akanitajia na samaki. Mimi nina miaka 19 nje, mtu akinitajia Pangani usiku wa baridi nafanyaje? Na wala sikuomba kupunguziwa. Yeye mwenyewe akasema, "Kwako mzee wangu lete mia saba, siwezi kukufanyia biashara ya watu baki." Kaniita mzee wangu mara nane, binti yangu alikuwa pembeni anahesabu.

Jumamosi nikaenda. Nje baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo unakata masikio. Kanipokea mlangoni, kanivua koti mwenyewe, kalitundika nyuma ya mlango. Likumbukeni hilo koti. Mfukoni mwake kulikuwa na geji yangu ya kupimia mvuto, ile yenye mshale, ninayokwenda nayo kila mahali.

Chai ya tangawizi ikaja, ya maziwa, imekolea iliki. Mandazi ya moto. Msichana mdogo kama wa miaka kumi akaniamkia kwa adabu, akarudi kwenye katuni zake. Mama wa nyumba kajifunga kanga, ananiuliza hali ya mama watoto. Nyumba ya watu. Tapeli nilizoea kumwona anakutana na watu kwenye maegesho ya magari ya duka. Sijapata kuona tapeli mwenye birika.

Baada ya chai akanionyesha. Pale sebuleni, karibu na ngazi, kuna kitundu ukutani. Akachomeka mpira. Akasema mashine bado iko besmenti imetundikwa, hajaifungua ili niione ikifanya kazi kwanza. Akawasha, na sauti ikatoka chini, nzito, tulivu, ule mngurumo wa mota mbili ambao ukishausikia huusahau. Akaenda jikoni akarudi na kikaango cha chuma cha chapati, vile vizito. Akakigeuza, akakibandika mdomo wa mpira kwenye kitako, akainua. Kikaango kikaning'inia hewani. Mtoto kacheka. Mimi nimecheka. Akaniambia, "Mzee, kamata mwenyewe." Nikakamata. Nimekishika kikaango kile kinaning'inia kwa pumzi tu, namwangalia kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Nikakumbuka geji. Wallahi niliikumbuka. Nikatazama koti pale nyuma ya mlango, nikaona haya. Umtolee mtu kipimo, umekunywa chai yake, mkewe kamuulizia mkeo? Ni sawa na kualikwa chakula ukatoa mizani ya kupimia nyama. Nikaacha. (Na hata ningeitoa pale kwenye kitundu, ingenipa majibu mazuri tu. Mtaona kwa nini.)

Akasema, "Basi mzee endelea na chai, vijana wanaifungua huko chini." Hilo halikunishtua, mashine hizi zinaning'inia kwenye kibao, kuzitoa ni dakika chache. Nikatuma hela kwa Zelle, ile huduma ya kutuma hela benki kwa benki kwa simu, pale pale kwenye kochi. Dola 700. Simu yake ikalia, akaitazama, akaniwekea andazi la tatu.

Baada ya kama dakika ishirini vijana wawili wakapanda wamebeba kitu kimefungwa blanketi la kijivu, kimezungushiwa utepe juu mpaka chini. "Isikwaruzike njiani." Kizito, wanahema. Nje theluji inapeperuka, nani atasimama kufungua blanketi? Wakapakia, nikafunga mlango wa gari, nikapungiwa mkono na familia nzima dirishani.

Nimefika gerejini kwangu nikaita watu waje waone. Mwanangu, jirani, na yule bwana wa Waterloo ambaye sitamtaja kwa sababu amecheka sana. Nikakata utepe.

Pipa lilikuwa pipa kweli, limepakwa rangi ya kupuliza juu juu, bado linanuka. Kibandiko cha namba kimekwanguliwa. Nikafungua kichwa. Pale panapokaa mota ya pili pana KIPANDE CHA PLAIWUDI kimezibwa kwa utepe wa rangi ya fedha. Mota ya kwanza ipo, kamota kadogo ka feni moja, kaboni zimekwisha mpaka springi zinagusa, na ile shaba ya katikati inayosuguliwa na kaboni imekuwa nyeusi na mifereji kama sufuria la kuni. Kwenye mota nzima shaba hiyo inakuwa ya kahawia, laini, inateleza. Nikasema nijaribu. Ikatoa cheche za buluu na kelele ya beringi kavu, harufu ya vanishi ya koili ikajaa gereji nzima. Nikachomoa.

Nikafungua ndoo ya vumbi. Mle ndani, limefungwa taulo kuukuu ili lisigonge, TOFALI LA ZEGE.

Tofali! Mtu amekaa akafikiri: huyu mzee anajua mashine, akiinua itakuwa nyepesi, atashtuka. Akatafuta taulo.

Nikapiga simu. Ikaita mara moja, kisha nikafungiwa. Tangazo limefutwa. Benki wakanijibu kwa upole kwamba hela nimeituma mwenyewe na imeshapokelewa. Jumatatu nikarudi na mwanangu mpaka mlangoni. Akatoka mwanaume mwingine, anasema hanijui, na tapeli hamjui. Kanga ya yule mama naiona imetundikwa kwenye kiti nyuma yake! Polisi wamenipa namba ya kesi na karatasi.

Sasa mimi nasema huyu mtu AFUNGWE. Afungwe, na akitoka apewe kazi ya kufagia msikiti, kanisa na ukumbi wa jumuiya kwa fagio la chelewa, maisha yake yote, asiguse hata vakyumu ya gari. Na jumuiya imtenge. Asialikwe arusi wala kwenye matanga, maana wengi wetu tutakuwa tunamjua na tunanyamaza kwa sababu ya Kiswahili chake kitamu. Kuna ndugu kanishauri tumsomee Albadiri. Mama watoto kakataa, anasema ndani ya nyumba ile kuna mtoto. Sawa, mtoto hayumo. Lakini wale vijana wawili waliokuwa wanahema na tofali, hao nao WAKAMATWE, walijua wamebeba nini.

Mtaniuliza dalili. Dalili zilikuwepo, nilizila na mandazi. Plagi kwanza. Kwenye picha ya tangazo plagi ya mashine ina meno mawili yamelala, ndiyo plagi ya volti 240. Niliyopewa ina meno ya kusimama, ya kawaida ya volti 120, na ncha yake ilikuwa inachungulia nje ya blanketi pale mlangoni. Niliiona. Nikajiambia labda ni waya wa ziada. Sakafu ya kwenye picha ilikuwa ya vigae, besmenti yake sikuruhusiwa kushuka, "pamejaa vitu vya watoto". Bei kashusha mwenyewe. Nyingine zimo, nikitulia nitaongeza, leo kichwa kinauma.

Ila moja lazima niliseme, ingawa ndilo linaloniumiza kuliko hela. Wakati navaa viatu pale mlangoni, mzigo umeshapakiwa garini, mama wa nyumba alimwambia yule mtoto asafishe makombo ya mandazi niliyoyamwaga. Mtoto akachukua mpira ule ule, kitundu kile kile. Vakyumu ikawaka. Ngurumo ile ile ya mota mbili, kutoka chini. Mimi nimeinama nafunga kamba, nimeisikia kwa masikio yangu haya, na nikawaza, mashaallah, mtoto kalelewa vizuri.

Mashine yangu iko garini, na mashine yangu inafyonza makombo sebuleni. Nilikuja kuunganisha saa nane ya usiku, nikaketi kitandani. Mama watoto akadhani ni presha.

Kwa hiyo kama kuna aliyenunua chochote kwa mtu wa namna hii, awe Cedar Rapids, Waterloo, hata Omaha, mpira au mota au pipa, aniandikie pembeni. Ofisa kaniambia akipatikana mlalamikaji wa pili faili linakuwa na uzito. Yule bwana niliyesikia aliuziwa mipira iliyotoboka mwaka jana, mwambieni asione haya, mimi yangu nimeshaimwaga yote hapa. Picha za plaiwudi na za tofali ninazo, nitamtumia anayetaka. Taulo limekaa kwenye mfuko, polisi walisema nisilifue.