Mashine ya Kupigia Misumari kwa Kazi ya Mbao Uganda: Ipi Inunuliwe Kwanza

Fundi seremala anayeingia dukani kutafuta mashine ya kupigia misumari huanza kwa kuuliza bei na jina la kampuni, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kama misumari yake itapatikana Kampala, Mbarara au Gulu mwezi ujao na mwaka ujao. Mashine hizi hazitumii misumari ya kupimwa kwa kilo tuliyoizoea. Zinataka misumari iliyofungwa pamoja kwa waya, karatasi au plastiki, kwa pembe maalumu, na mashine ya digrii 21 haikubali ukanda wa misumari wa digrii 34 hata ukilazimishwa. Kwa hiyo nimezipanga kwanza kwa misumari na kwa nguvu inayoziendesha. Uzito na sifa nyingine vinafuata baadaye.

Kabla ya kuzipanga, ni vizuri mnunuzi ajue mipaka yake. Mashine ya kawaida ya fremu, yaani ya kuunganishia mbao za jengo, hupiga misumari ya milimita 50 hadi 90, wakati kenchi za paa letu hufungwa mara nyingi kwa misumari ya inchi 4, yaani milimita 100, au ya inchi 5. Isitoshe, misumari ya mashine ni myembamba: mwili wake huwa wa milimita 2.9 hadi 3.3 hivi. Mchoro wa mhandisi ukitaja msumari wa inchi 4, haifai kuubadilisha kwa wa mashine bila kumuuliza yeye mwenyewe. Nyundo, basi, inabaki kazini. Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali, faida kubwa ya mashine haiko kwenye kuta kama ilivyo Marekani, bali kwenye mbao za kumwagia zege, mabanda ya kuku, uzio, masanduku, paleti na sehemu nyepesi za paa.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya hewa (inayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa na kompresa) inayotumia misumari ya koili, yaani iliyoviringishwa, ile inayouzwa kwa alama kama CN70, CN80 au CN90, ambapo namba huonyesha takriban urefu wa msumari mkubwa kabisa kwa milimita. Koili moja hubeba misumari 200 hadi 300, kwa hiyo fundi aliye juu ya ngazi hasimami kila mara kujaza. Misumari hii ndiyo inayotumiwa na watengenezaji wa paleti kote duniani, na viwanda vingi vinaitengeneza, jambo linalomwokoa mnunuzi asifungwe na kampuni moja. Ndani yake hakuna umeme wala kompyuta. Kinachochakaa ni pistoni, mipira ya kuzuia hewa na ncha inayousukuma msumari, na fundi mwenye subira huvibadilisha mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba ikijaa koili huwa nzito, na tumbo lake pana halipenyi vizuri kati ya mbao zilizokaribiana. Kwa kazi za kila siku ningechukua CN80, kwani CN70 huishia pale ambapo msumari wa inchi 3 unaanza kuhitajika.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanalipia mashine na kusahau kompresa. Mashine ya fremu hutumia takriban lita 2 hadi 3 za hewa kwa kila msumari na hufanya kazi kati ya psi 70 na 120, ambayo ni kama baa 5 hadi 8. Kompresa ya tangi la lita 50 yenye mota ya nguvu ya farasi 2 inamtosha fundi mmoja anayepiga kwa mwendo wa kawaida. Ile ndogo ya kujazia matairi itamfanya asimame kungoja. Mota kama hiyo huvuta umeme mwingi sana inapowaka, kwa hiyo jenereta ndogo ya kVA 1 haitaiamsha, na waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia utaipunguzia nguvu na hata kuiunguza. Ni afadhali kurefusha mpira wa hewa kuliko waya wa umeme. Anayejenga mahali ambapo Yaka, umeme wa kulipia kabla, haijafika, au inapokatika mchana kutwa, anunue kompresa ya petroli. Maji yanayojikusanya chini ya tangi yamwagwe kila jioni, na matone machache ya mafuta ya mashine za hewa yatiwe kabla ya kazi, isipokuwa kama mtengenezaji ameandika kwamba mashine yake haihitaji mafuta. Mtungi wa oksijeni wa mchomelea vyuma usiunganishwe kamwe badala ya kompresa, kwa sababu mashine inaweza kulipuka mkononi.

Ya pili ni mashine ya hewa inayotumia ukanda ulionyooka. Ni nyembamba, ina uzito wa kilo 3 na nusu hadi 4, na inamfaa zaidi anayefanya kazi ndani ya kenchi zilizobanana. Za HiKOKI, chapa ya kampuni iliyoitwa Hitachi Koki hadi 2018, zina sifa nzuri. Lakini ukanda hubeba misumari michache, na muuzaji akishindwa kukuonyesha maboksi kadhaa ya pembe inayotakiwa, usinunue hata kama bei inakuvuta.

Mashine za betri, kama za DeWalt na Milwaukee, naziweka nafasi ya tatu kwa fundi wa hapa, ingawa fundi wa Ulaya huenda angezipa ya kwanza. Hazina mpira wala kelele za kompresa, na zinabebeka kwenye boda boda. Ubaya ni bei, na uzito unaofika kilo 4 hadi 5, unaochosha sana mkono ulioinuliwa. Tena mkaratusi uliokauka ni mgumu. Baadhi ya mashine hizi huacha kichwa cha msumari wa milimita 90 kikichomoza. Zinamfaa hasa mtu ambaye tayari ana betri za kampuni hiyohiyo. Chaja iliyoletwa kutoka Marekani huwa mara nyingi ya volti 120, na ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 240 itaungua.

Za gesi, ambazo Paslode ilizianzisha mwaka 1986, ni za mwisho. Kila mashine inataka chupa zake ndogo za gesi zenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwenye milima kama ya Kabale hewa nyembamba hupunguza nguvu ya mlipuko wake.

Zipo pia zisizofaa kabisa kwa kazi hii japo huuzwa kwenye meza moja na hizo: F30 ni ya vijisumari vya mapambo, ST64 ni ya misumari ya zege, na ile ya baruti ni ya kupigia kwenye zege na chuma.

Kuhusu usalama, uliza aina ya kifyatulio. Mwongozo uliotolewa Marekani na OSHA na NIOSH, taasisi za serikali za usalama kazini, mwaka 2011 unaeleza kwamba kifyatulio kinachopiga kila mdomo wa mashine unapogusa mbao huku kidole kikiwa kimekivuta huleta hatari ya kuumia maradufu ya kile kinachodai mdomo uguse kwanza, ndipo kidole kivute, kwa kila msumari. Chagua hiki cha pili, hasa kama una wanafunzi wa kazi. Miwani ya kinga inunuliwe siku hiyohiyo.

Ukienda kununua, beba vipande viwili vya mbao ulizozoea kuzinunua kwenye soko la mbao la Ndeeba, Kampala, kimoja cha paini na kimoja cha mkaratusi mkavu, na uombe mashine iunganishwe na kompresa mbele yako. Piga misumari kadhaa mfululizo kwenye kila kipande. Vichwa vikizama sawasawa, na usisikie hewa ikivuja mashine ikiwa imetulia, lipa, kisha uchukue na pakiti ya mipira ya kuzuia hewa ya akiba ya mashine hiyohiyo.