Kitulo kwa siku tatu bila haraka: je, inafaa pesa yako?

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Mbeya na Tukuyu. Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Bidhaa ya leo haifungwi kwenye boksi: ni mapumziko ya siku tatu, usiku mbili, katika Hifadhi ya Taifa Kitulo. Tutaipima kama tunavyopima jiko au simu, yaani unalipia nini, inafanya kazi vipi, na inaharibikia wapi.

Jibu tulitoe mapema, ili mwenye bando dogo aondoke nalo. Inafaa, na inafaa sana, kwa sharti moja: uende polepole. Kitulo ya kukimbizana, ile ya kutoka Mbeya mjini alfajiri na kurudi jioni, hatuipendekezi kwa mtu yeyote. Utalipa mafuta, utalipa kiingilio, na utakachoona ni nyasi za kijani na ukungu.

Sababu iko kwenye urefu wa maua yenyewe. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba karibu 413, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Sasa, okidi hizo nyingi hazikufiki hata gotini, na zinajificha katikati ya nyasi. Ukiwa ndani ya gari linalotembea, jicho linaona rangi moja tu. Ukishuka na kusimama dakika mbili, unaanza kuona: moja ya waridi hapa, tatu nyeupe pale, halafu ghafla unagundua umezungukwa. Ndiyo maana tunasema mwendo ndio bidhaa yenyewe. Tanzania hatuna mahali pengine pa namna hii, na inasikitisha mtu akipapita kwa spidi ya basi la Dar.

Tuanze na wakati wa kwenda, maana hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Maua yako kwenye ubora wake kuanzia Desemba hadi Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Mvua na maua vinakuja pamoja. Huwezi kuchagua kimoja ukaacha kingine. Septemba hadi Novemba jua ni zuri na kutembea ni rahisi, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi ya kuuma, usiku sakitu inashika, na okidi nyingi zimelala chini kama viazi. Mtu akikuuzia "safari ya maua" mwezi wa saba, muulize ni maua gani.

Njia. Kutoka Mbeya unafuata barabara kuu ya kuelekea Makambako kama kilomita 80 hadi Chimala, kisha unakunja kulia kupanda Matamba. Hapo ndipo penye kona zile maarufu, Hamsini na Saba, zilizopewa jina kwa idadi yake. Anayetoka Iringa anapita Mafinga na Makambako, na Chimala anaikuta kabla ya Mbeya. Kuna njia nyingine ya Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, inayopandia upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tunashauri Chimala, kwa sababu ofisi za hifadhi ziko Matamba na mambo yako yote unayamaliza hapo.

Panda asubuhi. Chimala iko kwenye mita kama 1,100 na uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi. Umepanda mita 1,500 kwa mwendo mfupi sana, na joto linashuka karibu nyuzi 10. Hewa ya joto ya bonde la Usangu nayo inapanda mlima huohuo, inapoa, na kufikia mchana imekuwa ukungu, kisha mvua. Mwenye kupanda saa tisa alasiri anakutana na vyote viwili kwenye kona za udongo zinazoteleza. Gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne msimu wa mvua. Kwa magari ya abiria kutoka Chimala, wahi yale ya asubuhi.

Siku ya kwanza, usifanye kitu. Tunamaanisha hivyo hasa. Fika Matamba kabla ya saa saba mchana, chukua chumba kwenye nyumba ya wageni, kula, tembea sokoni, lala mapema. Kwa mtu wa Mbeya mjini, aliyezoea mita 1,700, mwili hausumbuki sana. Anayetoka Dar anaweza kupata kichwa kuuma na pumzi fupi. Akinywa maji na kupumzika jioni hiyo, asubuhi kwa kawaida yuko sawa. Akikimbizwa kupanda kilima saa ileile aliyofika, siku ya pili imeharibika.

Jioni hiyohiyo maliza malipo na upange askari wa hifadhi wa kutembea nanyi. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kumbukumbu namba au kadi, na mtandao milimani unakuja na kuondoka, kwa hiyo usiache hadi asubuhi. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kulinganisha na cha mgeni. Viwango viangalie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wiki unayosafiri. Gharama kubwa ni gari, siyo kiingilio. Mkiwa watano mkachangia, hesabu inabadilika kabisa.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Muwe uwandani saa mbili asubuhi. Kilomita nne hadi sita kwa siku nzima zinatosha, na kwa mwenye watoto au mzazi mzee, tatu. Tembea dakika kumi, simama dakika kumi. Hapa hakuna simba wala tembo wa kukutia wasiwasi, ndiyo maana kutembea kwa miguu kunawezekana kwa utulivu namna hii.

Sasa tazameni hapa, tusogeze kamera karibu. Hii ni okidi ya jamii ya Satyrium. Usiangalie uso wa ua, zunguka nyuma. Unaona vimikia viwili vyembamba vinavyoning'inia kama pembe za mbuzi? Humo ndimo mna maji matamu ya wadudu. Viwili, ni Satyrium. Na hii ya pembeni, inayofanana nayo kwa mbali, ina kimkia kimoja tu, kimetokea kwenye jani la juu la ua lililojikunja kama kofia. Hiyo ni Disa. Ukishajua kuhesabu vimikia, matembezi yako yote yanabadilika, hata mtoto wa miaka saba ataanza kukuita, "Baba, njoo, hii ina viwili!" Lenzi ndogo ya kukuzia ina faida kubwa hapa kuliko kamera ya milioni mbili.

Usichume, na usichimbe. Chini ya okidi hizi kuna viazi viwili: kimoja cha zamani, kimesinyaa kwa sababu kimetumika kuotesha shina la mwaka huu, na kingine kigumu cheupe, akiba ya mwaka ujao. Biashara ya chikanda, inayopeleka viazi hivi Zambia kusagwa na kupikwa pamoja na karanga, inataka kile kigumu. Kikiondoka hicho, mmea umekwisha. Uchimbaji huo ndio uliomaliza okidi kwenye milima mingi ya kwetu, na ni moja ya sababu za Kitulo kulindwa. Inauma kuona shimo dogo mahali palipokuwa na ua.

Ndege pia wanataka subira. Keti karibu na yale maua marefu ya rangi ya chungwa yanayosimama kama mwenge, jamii ya Kniphofia. Yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo chozi anapokuja kufyonza anajua ngazi ipi ina chakula leo. Kaa dakika ishirini bila kusema, atakuja. Tandawala mkubwa anatembea nyasini taratibu, darubini inasaidia. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu, hutaga ndani ya mashimo ya ardhini, basi msikanyagekanyage midomo ya mashimo wala kuyachungulia. Kima anayeitwa kipunji, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, yuko kwenye misitu ya Livingstone na Rungwe. Kumfuatilia ni safari nyingine, usiipachike humu.

Chakula kina kasoro yake. Mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, siyo 100. Maharage mabichi yatakula mkaa wako wote na bado yagonge meno. Pika maharage nyumbani, uje kupasha tu. Mchele wa Mbarali, ununue Chimala, lakini ongeza maji kidogo na ufunike kwa uzito. Kwa mchana wa siku ya pili, viazi vya kuchemsha, mayai, chapati na chupa mbili za chai ya tangawizi vinashinda mapishi yoyote. Msirudi gizani. Saa nane muwe mnaelekea kwenye gari, kabla mvua haijawatangulia.

Mavazi: usinunue vya duka la watalii. Koti zito la mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, linatosha, pamoja na koti la mvua la kweli, mabuti ya mpira, na soksi jozi tatu kwa kila mtu. Soksi mbichi ndizo zinazovunja safari za familia kuliko kitu kingine. Kofia yenye ukingo na mafuta ya jua usiache, hata kama kuna mawingu, maana kwenye kimo hiki jua linachoma wakati mwili unasikia baridi. Simu ilale nawe ndani ya blanketi. Baridi inaishusha chaji usiku.

Siku ya tatu chagua kimoja: rudi uwandani kwa saa mbili mahali palepale pa jana, au nenda bonde la Numbe lenye maporomoko. Sisi tunapendelea kurudi palepale. Kama jana ilikuwa ukungu, leo utaona milima. Kama jana jua liliwaka, leo umande uko juu ya kila ua.

Nani asinunue? Anayetaka simba, aende Ruaha kupitia Iringa. Anayetaka bwawa la kuogelea na muziki, huku atachoka kufikia saa tano asubuhi. Mwenye pumu kali aongee na daktari kwanza.

Kushuka Hamsini na Saba ndiko kunakohitaji utulivu kuliko kupanda. Weka gia ya kwanza au ya pili tangu kona ya juu, injini ndiyo ishike gari, breki uzikanyage kwa vipindi na kuachia. Dereva anayekalia pedali njia nzima anazichemsha, mafuta ya breki yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali tambarare, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye rimu, disiki itapinda. Ukifika Chimala, sogeza kiganja karibu na kila tairi bila kugusa; kama joto bado linakupiga mkononi, kunyweni chai kwanza kabla ya kuingia barabara kuu ya malori.