Darasa la kufikiri la Jumamosi, Tononoka: nlivyoliona baada ya wiki sita

Nimemaliza juzi lile darasa la uwazaji wa kina linalofanywa Jumamosi huku Mombasa karibu na Tononoka, orofani, na kwa vile watu washaniuliza sana kama lafaa ama ni kupoteza pesa basi naandika hapa mara moja. Bei ni shilingi 2,500 kwa wiki sita, yatumwa kwa M-Pesa, saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Tulikuwa kama watu 18 hivi, madereva wa tuktuk wawili, kina mama wa biashara, vijana wa chuo na mzee mmoja mstaafu wa bandari.

Niseme ukweli nlichoendea. Mimi nlitaka nijue kubishana. Kwetu kuna shemeji yangu akianza kuongea hakuna wa kumuweza, nkadhani huku ntapewa maneno ya kumnyamazisha. Sikupewa. Jumamosi ya kwanza yote ilikwenda kwenye historia, Socrates, mwanafalsafa wa kale, na maswali yake kule Athens, John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani ambaye tangu 1910 alikuwa asema kufikiri vizuri ni kuipima imani yako kwa makini ukiangalia imesimama juu ya nini, na mwalimu akasema ndo haya watoto wetu wafundishwa kwenye CBC, ule mtaala wa shule za Kenya, ni moja katika zile umilisi saba, yani uwezo ambao kila mtoto atakiwa awe nao. Sawa, lakini masaa matatu ni mengi na makaratasi yote yalikuwa ya Kizungu, wenzetu wengine washaanza kuangalia simu. Hapo warekebishe.

Wiki ya pili ndo darasa lilianza. Mwalimu aliandika ubaoni 2, 4, 6 akasema hizi zafuata kanuni ninayo kichwani, nitajieni nambari zengine tatu tatu ntawaambia zafuata ama hazifuati, mkishakuwa na hakika semeni kanuni. Tukaenda mbio, 8, 10, 12, ndio, 20, 22, 24, ndio, 100, 102, 104, ndio. Tukasema kwa sauti moja, nambari shufwa zaongezeka mbili mbili! Akasema hapana. Darasa kimya. Kumbe kanuni ni nambari zozote zinazopanda, hata 1, 7, 300 ingekubaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja nambari ambayo ingetuonyesha tumekosea, sote tulikuwa twatafuta ndio tu. Jaribio lenyewe alilitunga Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, 1960, na katika watu 29 ni 6 tu waliopata bila kukosea kwanza. Wallahi nlirudi nyumbani nawaza mangapi nimeyaamini maishani kwa kuhesabu ndio peke yake.

Wiki ya tatu ilikuwa ya methali na hii ndo naipenda kuliko zote maana ni yetu. Alichukua "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" akauliza, hii ni ushahidi ama ni njia ya kukimbia ushahidi? Yule mzee wa bandari akachachamaa, akasema methali ni hekima ya wazee haichezewi. Mwalimu hakumvunjia heshima, alimwambia tu mzee wangu, mtu akizuliwa neno mtaani, hii methali yamsaidia nani? Mzee akakaa kimya kidogo kisha akasema, yamsaidia mzushi. Halafu "dalili ya mvua ni mawingu", kweli mvua yataka mawingu, lakini sisi wa pwani mara ngapi twayaona mawingu baharini yakapita zake? Ukiona wingu usiseme mvua ishanyesha. Hapo nlielewa kitu ambacho yale makaratasi yalichukua kurasa mbili kukieleza.

Ya nne ilikuwa kipindupindu cha London, 1854. Sisi tunaonunua maji ya mkokoteni hatukuhitaji kuelezwa kwa nini yatuhusu. Wengi waliamini ugonjwa waletwa na hewa chafu, daktari John Snow akashuku maji, akafuatilia waliokufa akakuta wengi walikunywa pampu ya Broad Street. Lakini kilichonivutia ni kwamba aliwafuata hata wale wasioingia kwenye hesabu yake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia pale pale mtaani hawakufa, kumbe wakinywa bia na kiwanda kina kisima chake. Mama mmoja mjane aliishi mbali kabisa na alikufa, kumbe akiletewa maji ya pampu ile ile kwa sababu akiyapenda. Kisha mkono wa pampu ukaondolewa, na Snow mwenyewe akakiri ugonjwa ulikuwa ushaanza kupungua watu walipokimbia mtaa. Yani hakujibebea sifa ambayo ushahidi haukumpa.

Ya tano tuliambiwa kila mtu alete jambo lake. Mimi nna duka Kisauni, mauzo yalikuwa yameshuka na nlikuwa na hakika ni duka jipya lililofunguliwa mkabala na langu, nlikuwa nishaomba mkopo wa chama ninunue friji kubwa nishindane nao. Mwalimu aliniuliza swali moja tu, yalianza kushuka lini? Nkafungua daftari. Wiki mbili kabla ya lile duka kufunguliwa! Na kilichoshuka ni soda, maji na biskuti, unga na mafuta viko vile vile. Yule dereva wa tuktuk aliyekaa nyuma yangu ndo akasema, mama, si shule zilifungwa wiki hiyo? Mkopo nliurudisha kwenye kikao kilichofuata. Shule zilipofunguliwa soda zikarudi, si zote, kwa hiyo huenda jirani naye achukua kidogo, na hilo sasa nalihesabu badala ya kulinung'unikia.

Ya sita ilikuwa marudio.

Kasoro zengine: feni ni moja na joto la pale mchana si la mchezo, na kila wiki tulianza nusu saa nyuma. Mwalimu nyota tano, mpango nyota tatu. Nshawaomba makaratasi wayafanye kwa Kiswahili, wamesema watajaribu. Ukienda kaa upande wa dirisha, na kama una biashara beba daftari la mauzo la miezi mitatu, wiki ya tano utalitaka.