U-505 ya Chicago au U-995 ya Laboe?

Zote mbili ni nyambizi za Ujerumani za Vita Kuu ya Pili, na zote unaweza kuingia ndani. Ila haziko sawa hata kidogo.

U-505 ndiyo yenye kisa. Tarehe 4 Juni 1944, karibu na pwani ya Afrika Magharibi, Wamarekani chini ya Kapteni Daniel Gallery waliilazimisha kuibuka. Mabaharia wake waliitoroka huku maji yakiingia. Wamarekani wakarukia ndani, wakaziba tundu na kuokota vitabu vya siri vya mawasiliano. Ikavutwa hadi Bermuda, na siri ikafichwa ili Wajerumani wasibadilishe misimbo yao. Mwaka 1954 ilifika kwenye jumba la makumbusho ya sayansi la Chicago. Leo imelazwa kwenye ukumbi wa chini ya ardhi, salama dhidi ya mvua. Kuingia ndani yake hulipiwa tiketi ya ziada.

U-995 haina mkasa kama huo. Baada ya vita ilitumiwa na Norwei, ikarudishwa Ujerumani, na tangu 1972 imekaa juu ya mchanga wa ufukwe wa Laboe, karibu na Kiel. Lakini ndiyo pekee iliyobaki ya Aina ya VII, iliyoundwa kwa mamia. Unapita mwenyewe, bila kiongozi, ukijikunja kwenye milango ya duara (mrefu ajihadhari na kichwa).

Mwenye kupenda hadithi aende Chicago. Mimi ningechagua Laboe: bahari iko hapo hapo.