Tairi za kupandia Mtae: anza na ubavu

Kila msafara wa magari ukirudi Dar kutoka kambini Usambara, malalamiko ninayoletewa ni yaleyale: tairi mpya, meno marefu, na bado imepasuka. Ukiuliza imepasukia wapi, jibu ni ubavuni.

Mpaka Lushoto unateleza kwenye lami. Kasheshe inaanza ukiiacha Lushoto kuelekea kijiji cha Mtae, juu milimani: njia nyembamba, bonde upande mmoja, mwamba upande wa pili, na ukikutana na Fuso iliyosheheni mboga lazima ubane mlimani umpishe. Hapo jiwe halihangaiki na meno, linakwenda moja kwa moja ubavuni. Na ubavu ukichanika, fundi pancha hana la kufanya. Mpira wa pale unajikunja kila tairi inapozunguka, kiraka hakikai.

Kwa hiyo dukani chuchumaa, usome maandishi madogo. Tairi nyingi zimeandikwa SIDEWALL, kisha idadi ya plai, yaani tabaka za nyuzi zilizo ndani ya mpira. Za mjini mara nyingi ni moja au mbili. Usipumbazwe na 10PR: hicho ni kipimo cha uzito inaoubeba, si tabaka kumi za kweli.

Namba moja kwangu ni BFGoodrich KO2, na sioni haya kuipendelea. Ubavu wake una plai tatu. Kama Prado yako inavaa 265/65R17, chukua yenye herufi LT (Light Truck, tairi za magari ya mizigo midogo) mbele ya saizi. Ni nzito na mafuta yatakwenda zaidi. Vumilia tu.

Namba mbili ni Yokohama Geolandar A/T G015, lakini iwe LT. Jina hilo linauzwa kwa matoleo mawili, na lisilo na LT lina ubavu mwepesi. Muuzaji atakwambia, "Ni ileile, dada." Siyo ileile.

Bridgestone Dueler H/T ni ya lami, nenda nayo Bagamoyo. Za bei chee na za mtumba, kwa Mtae hapana.

Sasa hawa wauzaji wa Kariakoo. Bei haijaandikwa popote. Unatajiwa baada ya mtu kuchungulia umeshuka kwenye gari gani. Egesha mbali, fika kwa bodaboda, uone bei inavyoshuka. Halafu kuna mchezo wa kupaka tairi dawa ing'ae kama imetoka kiwandani jana. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT, ile ndefu iliyochongwa ubavuni: 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Mara nyingi zipo upande mmoja tu, na sijui kwa nini upande huo ndio unaolazwa chini kila mara. Geuza mwenyewe. Mpira uliozeeka unapata nyufa ubavuni hata kama meno hayajagusa barabara.

Nunua tano, spea iwe ya aina hiyohiyo. Akigoma kukupunguzia kwa tano, vuka barabara. Maduka ya tairi pale ni mengi mno kumbembeleza mtu.