Kutazama ndege Mlango wa Sabaki: nenda maji yakijaa

Nimezaliwa Malindi, na Daraja la Sabaki nimelivuka mara zisizo na idadi nikienda Mambrui, lakini pale mto unapoingia baharini sikuwahi kufika mpaka mwaka huu. Nimeshakwenda mara mbili, na safari zenyewe hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza nilipelekwa na mtu wa matembezi wa mjini. Saa tano asubuhi, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nayo yamekupwa mbali kabisa. Tope tupu, jua la utosi, ndege ni nukta nukta. Nililipa shilingi 2,500, nikarudi na kichwa kinauma.

Ya pili, mwisho wa Agosti, nilikwenda na kijana wa kijiji cha pale pale. Shilingi 1,000 kwa saa tatu. Kwenye simu, kabla hata ya kutaja bei, aliniuliza: "Mama, waweza kuja alasiri? Maji yanajaa saa kumi na nusu." Siku hiyo pia ilikuwa bamvua, ila saa ndiyo iliyobadilika. Maji yakipanda hufunika matope ambako ndege hula, nao husogea wenyewe mpaka kwenye fungu la mchanga. Wewe unakaa chini, unatulia.

Wakaja kweli. Heroe, yangeyange, buabua kwa mamia, na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni waliotoka kuzaa kaskazini ya mbali huko Siberia, baadhi yao bado wana mabaki ya wekundu kifuani. Sululu mmoja, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, alifika karibu nasi, akamnasa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikang'oka, ndipo akammeza. Niliona yote bila darubini.

Lakini walionishika moyo ni ndege wadogo wa hudhurungi, mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wamelala mchangani wote wameuelekea upepo wa kusi. Kijana alinieleza kwamba huzaa Madagaska na huja pwani yetu kuanzia Aprili hadi Septemba. Miaka yote hiyo, wageni hao walikuwa karibu na mji wangu nami sina habari.

Kasoro zipo. Darubini niliyoazimwa ilikuwa na ukungu jicho moja, basi kama unayo yako, ichukue. Hakuna kivuli wala maji ya kunywa. Mtoni mna viboko, kwa hiyo usitembee ukingoni peke yako, hasa jua linapokuchwa. Na kilichoniuma sana: pikipiki ilikatiza mchangani kwa kasi, ndege wote wakaruka. Ndege waliokuja safari ndefu namna ile wanahitaji kupumzika. Kijana alimfuata mwenye pikipiki akazungumza naye kwa upole, na hilo pekee lilinifanya nimwongezee pesa.

Nimemwomba aniwekee siku ya bamvua mwezi wa Novemba, alasiri vilevile. Wale wa Madagaska watakuwa wamekwenda zao, ila ameniambia vitwitwi watakuwa wengi zaidi.